Msiba Usio na Watani

SEHEMU YA SABA

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua niliishia wapi. Mume wangu Yotham alianguka kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Majimoto, presha ikamzidi, akakata roho kabla gari halijafika Mpanda. Tukageuzia njiani na maiti.

Kwa ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza: mimi ni Pudensiana, Mfipa, mke wa Msukuma, mama wa mtoto mmoja, Agape, mwenye miaka tisa. Tena ni katibu wa Kamati ya Maadili ya kanisa letu. Hicho cheo cha mwisho ndicho kilichoniponza. Msianze kunihurumia, nisikilizeni kwanza.

Kamati ilikuwa na watu watano na waraka wa vipengele kumi na nane. Tulikataza wigi. Tulikataza Bongo Fleva kwenye harusi. Tulikataza binti kujirekodi akicheza na kurusha TikTok, hata kama anacheza wimbo wa kwaya. Waliokuwa wanaishi sogea tukae, bila ndoa, tuliwatenga wakiwa hai, na wakifa tulikataa kuwazika.

Kipengele cha kumi na nne nilikiandika mwenyewe, bila kusaidiwa. Kilikataza utani msibani.

Mnajua utani wa huku. Mtani wa marehemu anakuja amevaa nguo za marehemu. Anamgombeza maiti kwa kulala mchana. Anadai yeye ndiye mjane. Watu wanalia huku wanacheka. Mimi nikaandika kwamba huo ni mzaha wa kipagani, Mkristo huomboleza kwa utulivu. Mchungaji Evarist alinisifu mbele ya washirika, akasema dada huyu ana jicho la rohoni.

Jicho la rohoni lilikuwa limesahau jambo moja dogo. Wafipa na Wasukuma ni watani. Watani wa mume wangu walikuwa ndugu zangu mwenyewe.

Asubuhi ya mazishi nilitaka kitu kimoja tu. Nimzike Yotham nikiwa mke wake halali wa ndoa ya kanisani, mbele ya Majimoto nzima, na Agape aone. Mengine yote niliyaona madogo.

Saa nne akaingia kaka yangu Adolf na Wafipa wenzake. Alishika fimbo ya kuchungia ng'ombe na kikapu cha pumba.

"Dada, pole sana," akasema. "Tumemletea Msukuma wetu chakula cha ng'ombe. Hawezi kwenda mbinguni bila ng'ombe wake, nao watahitaji kula."

"Kaka, hapana. Hukusikia tangazo la kanisa? Utani msibani umekatazwa."

"Kanisa lenu hilo. Mimi Mkatoliki. Kwetu hata padri akifa mtani wake anamvua viatu."

"Hapa siyo kwenu."

Akaweka kikapu chini.

"Mama alipokufa, nani aliingia kaburini akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo?"

Alikuwa Yotham.

"Ulicheka siku ile, Pude. Ulikuwa hujala siku mbili. Ukacheka, jioni ukala ugali."

"Nilikuwa sijaokoka vizuri."

"Haya, sasa umeokoka vizuri. Na huyu mtoto?"

Agape alikuwa amesimama pembeni yangu. Tangu baba yake afe hakusema neno wala hakudondosha chozi. Sasa alikuwa anakitazama kile kikapu cha pumba, na midomo yake ilianza kutaka kucheka.

Nikamfinya mkono. Akaacha.

Ndiyo, nilimfinya mtoto asicheke kwenye msiba wa baba yake, na wakati ule nilijiona nimemlea vizuri.

Adolf aliona. Hakunisema. Akawachukua watu wake, wakaenda kukaa nje ya uzio, kando ya barabara, wamenyamaza. Mmoja alikuwa amekuja na kofia ya Yotham tayari kichwani. Akaivua akaipakata.

Ibada ikaanza. Mchungaji Evarist alihubiri nusu saa kuhusu dunia inavyoingia kanisani kwa mlango wa mila. Marehemu alipata dakika mbili. Mimi niliitikia amina kila alipovuta pumzi.

Kisha Mzee Jonas, mzee wa kanisa, akashika kipaza sauti kusoma wasifu wa marehemu. Mzee Jonas ni mtu mwema, ila ukimpa karatasi yoyote ataisoma, hata iwe ya dawa ya panya.

"Ameacha mjane mmoja, dada yetu Pudensiana, na mtoto mmoja."

Hapo ndipo bodaboda iliposimama nje. Akashuka mwanamke mrefu wa makamo, vumbi mpaka kwenye kope. Juu ya gauni alivaa koti la kahawia la kiume. Akapita katikati ya viti bila kumsalimia mtu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye jeneza, akalilalia kifudifudi.

"Baba, unalala nini mchana huu? Amka twende Sibwesa. Nguruwe wanamaliza mahindi, na mimi mkeo nimebaki peke yangu kama kisiki."

Turubai zima likacheka.

Hata mke wa Mchungaji aliziba mdomo kwa kanga. Siku mbili watu walikuwa wamekaa na utulivu wangu wa Kikristo, wamechoka nao, na sasa amepatikana mtu wa kuwatua mzigo. Kule kwenye uzio Wafipa walipiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyo sasa ndiye mtani."

Yule mwanamke akainua uso, akatuangalia.

"Mnacheka nini?"

Tukacheka zaidi. Nasema tukacheka, lakini mimi sikucheka. Mimi nilikuwa natafuta kipaza sauti.

"Mimi ni mke wake," akasema.

Watu wakashika mbavu.

Nikamnyang'anya Mzee Jonas kipaza sauti. Nilikuwa nimelala saa mbili kwa siku mbili, lakini kwa kuhutubia nguvu zilikuwepo. Kwa kuhutubia nguvu zangu hazijawahi kuisha.

"Ndugu zangu, tulieni. Wewe mama, Mfipa mwenzangu, nakusihi kwa upendo. Hii ni nyumba ya watu waliookoka. Mambo hayo tumeyaacha. Na hilo koti la mume wangu umelitoa wapi? Umeingia chumbani kwangu ukaiba?"

"Alinivika mwenyewe. Ilikuwa baridi, mwezi wa sita."

Kicheko tena. Majibu yake yalikuwa matamu kwa watu, na kila jibu lilinidhalilisha mimi na waraka wangu.

Hasira ni hasara, mababu walisema, na mimi nilikuwa sijawahi kuwasikiliza mababu. Nilimfuata pale kwenye jeneza, nikalishika koti kwenye kola, nikavuta. Mkono mmoja ukachanika begani. Akang'ang'ania. Wazee wawili wa kanisa wakaja kunisaidia, wakambana mikono, nikalivua koti mwilini mwake mbele ya umati. Akabaki na gauni la maua lenye kiraka ubavuni.

Hakupiga kelele. Alikuwa analia tu, machozi yanachora mistari kwenye vumbi la uso.

"Dada, mwachie."

Adolf alikuwa amevuka uzio, na usoni hakuwa na utani hata chembe.

"Kaka, waondoe watu wako," nikamwambia.

"Huyu siyo wangu. Tumekuja tisa, nawajua kwa majina. Huyu hatumjui." Akamgeukia yule mwanamke, akainama kidogo kwa heshima. "Shikamoo mama. Wewe kabila gani?"

"Nsukuma," akasema. "Naitwa Nyanzala. Tumetoka naye Shinyanga na ng'ombe. Mwaka wa kumi na saba huu."

Kicheko kilikatika mara moja.

Pale hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Msukuma hamtanii Msukuma msibani. Mfipa akililalia jeneza la Msukuma na kudai ni mkewe, anatania. Msukuma mwenzake akifanya hivyohivyo, analia kweli. Tulikuwa tumemcheka mjane juu ya maiti ya mumewe.

Nikaliangalia lile koti mkononi mwangu. Nilikuwa nalijua vizuri. Nilichokuwa nimesahau kwa hasira ni kwamba miaka miwili iliyopita Yotham alirudi bila koti hilo, akasema ameibiwa stendi ya Mpanda. Nilifunga siku tatu nikimwombea mwizi mabaya. Shamba la Sibwesa alilokuwa anakwenda kuliangalia kila mwezi nalo nililijua kwa jina tu. Safari zote hizo nilimfungia maandazi mwenyewe, tena nikimhimiza afunge mengi. Kumbe nilikuwa nampikia mke mwenzangu, na mimi ndiye mwenye jicho la rohoni.

Nyanzala akatoa kifuani mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alitafuta mtu wa kumpa, na kwa bahati mbaya ya watu wengi akampa Mzee Jonas.

Mzee Jonas akaisoma kwenye kipaza sauti.

"Cheti cha ndoa. Yotham Malale na Nyanzala Mabula. Mwaka elfu mbili na nane. Kanisa letu, tawi la Sibwesa. Mfungishaji wa ndoa, Mchungaji..."

Ndiyo mara ya kwanza nimemwona Mzee Jonas akishindwa kumaliza karatasi. Lakini alikuwa amechelewa, kwa sababu macho yake yalikwenda yenyewe kwa Mchungaji Evarist, na macho yetu yakafuata.

Ni yeye aliyetufungisha ndoa mimi na Yotham mwaka 2015. Alivaa suti ya bluu, akatuuliza kama kuna mwenye pingamizi, akasubiri kidogo, akatabasamu, akaendelea.

"Mchungaji," nikasema. "Ulijua?"

"Dada Pudensiana, hapa siyo mahali pake."

"Ulijua?"

Akajifuta jasho. "Yotham aliniambia huyu mama alirudi kwao akaolewa na mtu mwingine. Nililipeleka jambo hilo kwenye maombi. Nikapata amani."

"Uliniuliza mimi?" akasema Nyanzala. "Nilikuwa palepale Sibwesa. Namba yangu unayo. Kila Pasaka unanitumia ujumbe wa baraka."

Alipata amani. Wigi la mwanakwaya lilimkosesha usingizi wiki mbili, tukaitana vikao vitatu. Mke wa mtu alimwombea mara moja akapata amani.

Mngetegemea mtu huyo apige magoti. Hapana. Alifunga Biblia yake, akakohoa, akatumia ile sauti ya madhabahuni.

"Wapendwa, kwa hali iliyojitokeza, kanisa haliwezi kuendelea na ibada hii. Marehemu ameonekana aliishi kwenye uzinzi. Waraka wetu uko wazi. Na kwa kumbukumbu zenu, waraka huo umeandikwa na dada yetu huyuhuyu."

Akanionyesha kwa mkono wazi, kama mtu anayekaribisha mgeni rasmi.

Kwaya ikazima spika. Wanakwaya wakakunja nyaya. Kamati yangu ya Maadili, watu niliogawana nao chai ya vikao miaka minne, wakasogea mmoja mmoja mpaka kwenye gari la Mchungaji, wakasimama pale kwenye kivuli chake. Hawakuondoka. Walitaka kuona mwisho.

Jeneza likabaki kwenye stuli zake, na mimi, na Nyanzala, na mtoto. Nilimkuta Agape amelishika koti lililochanika. Sikumbuki kama nilimpa au nililiangusha akaliokota.

Nikamwendea Adolf.

"Kaka, nizikieni mume wangu."

"Kuzika ni kazi yetu," akasema. "Hata ungetutukana tungemzika. Mtani hafukuzwi, Pude. Anasubiri tu mwenye msiba achoke."

Wakaingia wote tisa. Yule wa kofia akaivaa tena. Walilibeba jeneza wakiliyumbisha makusudi, wakilalamika kwa sauti kubwa.

"Msukuma huyu mzito, amekula zizi zima."

"Mwacheni atembee, miguu si anayo."

"Ng'ombe wamekuja kumsindikiza? Hakuna? Basi ndugu zake hawajafika."

Watu wakaanza kucheka tena, kicheko kingine sasa, cha taratibu, na ndani yake vilio vikafunguka. Agape alicheka kwanza. Halafu akalia. Alilia kwa sauti, mwili mzima, akinishika mkono kwa nguvu, na mimi nikaona aibu kubwa kuliko ile ya cheti. Siku mbili nilikuwa nimemzibia mwanangu machozi kwa kipengele cha kumi na nne.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, mwanzo wa jaruba letu la mpunga. Wakamshusha. Adolf akasimama ukingoni, akamvua mwenzake ile kofia ya Yotham, akaishika, na utani ukasimama.

"Mjane ndiye anaanza kutupa udongo," akasema. "Mjane ni nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ilibidi aulize. Kaburi haliwezi kufukiwa mpaka hilo lijulikane, na wanaume tisa walikuwa wameegemea makoleo wakisubiri.

Nyanzala alikuwa ameshachota udongo, ameukumbatia kwenye viganja. Akaniangalia.

"Sema wewe," akaniambia. "Mimi mmeshanicheka."

Nikafikiria haraka kuliko nilivyowahi kufikiria kwenye kikao chochote. Nikisema mjane ni mimi peke yangu, nasema uongo juu ya kaburi lililo wazi, na cheti kimesomwa kwenye spika. Nikisema ni yeye peke yake, basi mimi ni hawara wa miaka kumi, na mtoto wangu ni wa nje. Palibaki mlango mmoja, na ni ule niliokuwa nimeupigilia misumari kwa wenzangu wote. Kuna mama wa Kipimbwe niliwahi kumtoa kwenye kwaya kwa sababu tu alikuwa mke wa pili. Nilimwambia arudi akishajua thamani yake.

Nyuma yangu nikasikia viatu. Mchungaji Evarist alikuwa ametoka kwenye kivuli cha gari.

"Dada Pudensiana, fikiri vizuri. Ukikiri uke wenza hapa, jina lako linatoka kwenye kitabu cha washirika leo hii. Ukikana, kamati inaweza kukuonea huruma. Wewe ulidanganywa. Tunaweza kuliandika hivyo."

Tunaweza kuliandika hivyo. Maisha yangu yote na Yotham, ndoa, maandazi, mtoto, angeyaweka kwenye kipengele kimoja na kukigonga muhuri. Na alikuwa na uhakika nitakubali, kwa sababu alinijua. Jana yake tu ningekubali.

"Tangulia, dada mkubwa," nikamwambia Nyanzala. "Mimi ni mke mdogo."

Watu wakaguna. Mchungaji akatoa kalamu mfuko wa shati, palepale kando ya kaburi, akaandika kitu kwenye kiganja chake kwa kukosa karatasi. Nilimwonea kinyaa, na kinyaa kile kilinipa raha ya muda mfupi. Nilijiona shujaa. Nilidhani nimelipa gharama yote, na kwamba baada ya hapo hakuna tena wa kunidai chochote.

Nyanzala akatupa udongo wake. Nikatupa wangu. Agape akatupa wake, kwa mkono mmoja, mwingine umeshika wa kwangu. Wafipa wakafukia, wakashindilia, wakaweka msalaba wa mbao.

Kisha Nyanzala akajipangusa mikono kwenye gauni, akasema kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie:

"Mimi Mungu hakunijalia mtoto. Sikuja hapa kugombea maiti, wala nyumba hii siitaki. Kwetu mtoto wa mke mdogo ni mtoto wa nyumba kubwa. Umenikubali mwenyewe, mashahidi hawa hapa. Nimekuja kumchukua mtoto wa mume wangu, akakae Sibwesa."

"Haiwezekani," nikasema. "Adolf, mwambie."

"Ng'ombe wa mahari yako walitoka kwenye zizi langu, na kwetu mtoto ni wa zizi lililotoa mahari," akasema Nyanzala. "Niliwakamua mwenyewe mpaka siku wanaswagwa. Muulize kaka yako kama hakuwapokea."

Adolf akatazama chini. Nikamtazama mmoja mmoja wa wale tisa. Nikamtafuta hata Mchungaji, mnaweza kuamini, na yeye akawa anasoma kiganja chake.

Nyanzala akachuchumaa. Akamnyooshea Agape mikono, ile mikono niliyoiona imebanwa na wazee wa kanisa nikimvua koti.

"Ng'wanone," akaita. "Njoo."

Mwanangu, kwa Kisukuma. Hakuna mtu hapa Majimoto aliyewahi kumwita hivyo isipokuwa baba yake.

Agape akainua uso, akanitazama. Koti lilikuwa bado kwapani mwake, mkono wa koti uliochanika ukining'inia. Nikamkaza kiganja.

Akakichomoa.